Orodha Ambazo Baba Hakuzifuta

Baba yangu hakujua kufuta. Wengine wana baba walevi, wengine wana baba wa fimbo. Wangu alikuwa mtu ambaye akishaandika neno halifuti, hata kama ni kosa, hata kama kosa lenyewe linamchekesha yeye mwenyewe. Ugonjwa huo aliupata akiwa kijana, katika ofisi ya serikali iliyoandika vizazi na vifo hapa Kalemie, mji wetu wa ziwani. Mkubwa wake wa kazi alimfundisha kwamba karani anayekwangua jina kwa wembe kwenye reji, lile daftari kubwa la majina, hana tofauti na muuaji. Ukikosea, unaacha ukurasa ulivyo na kuanza mwingine, na ule wa kwanza unabaki mahali pake na aibu yake. Hata barua kwa dada zake wa Moba aliziandika hivyo. Aliharibu karatasi tatu kwa barua moja, na zote tatu alizitunza chini ya kitanda.

"Siku moja karatasi zitalala ndani na sisi tutalala inje," mama alikuwa akimwambia.

Mama alitoka kaskazini ya ziwa, kwa watu wa nyavu. Aliuza ndakala, wale samaki wadogo wanaokaushwa kwenye mchanga, na alikuwa na sauti ya watu waliozoea kuongea kutoka mtumbwi mmoja hadi mwingine. Kusoma hakujua. Mengine yote aliyajua, na hakuna aliyembishia isipokuwa mashangazi zangu, dada wawili wa baba, ambao tangu siku ya ndoa waliona kaka yao amejitupa.

Nchi ilikuwa bado Zaire, ile Zaire ya mwishoni, na ofisi ya vizazi na vifo ilikuwa imebaki mlango tu. Baba akapata kazi ya ukarani kwenye dispansari ndogo ya mtaa wetu. Kila mwezi akina mama walipanga mstari pale na watoto wao migongoni, mtoto anavalishwa suruali ya turubai, anatundikwa kwenye mizani iliyofungwa kwenye boriti, anapiga kelele, muuguzi anasoma kilo, na baba anaandika. Mstari ulikuwa mstari. Nilimwona baba kwa macho yangu akimrudisha nyuma mke wa ofisa wa bandari. Mama yangu mwenyewe alisimama juani na mdogo wangu mgongoni kama wengine, na baba aliandika kilo za mwanawe bila kuinua kichwa.

Reji za zamani ziliisha. Nyingine zililiwa na mchwa, nyingine zilipotelea kwa wauza karanga, maana karatasi ilikuwa imeadimika na mtu aliweza kununua karanga sokoni akakuta zimefungwa kwenye majina ya majirani zake. Kwa hiyo daktari alipoletewa kompyuta kutoka Ulaya, iliyovuka ziwa kutoka Kigoma ndani ya sanduku la mbao, alimwambia baba kwamba kuanzia siku ile watoto wote wataandikwa mle. Baba akajifunza kupiga herufi kwa vidole viwili. Kila mtoto alikuwa na mstari wake: jina, siku ya kuzaliwa, sindano alizochomwa, na kilo zake mwezi hadi mwezi.

Mimi nilitumwa Lubumbashi miezi mitatu kujifunza mashine hiyo, ili nimsaidie. Niliondoka kwa treni nikimwacha mdogo wangu, kitinda mimba wetu, bado hajaota meno. Mwezi wa pili wa masomo nilipata habari kwa redio ya misheni kwamba amekufa. Kolera ilikuwa imepita mtaani. Aliharisha asubuhi, jioni akawa hayupo. Safari ya treni wakati ule ilikuwa ya wiki nzima Mungu akipenda, basi nilibaki kule nikilia kwenye dawati la watu, na mazishi sikuyaona. Wahudumu wa dispansari walichoma kila kitu kilichokuwa chumbani, godoro, nguo, na mfuko wa mama uliokuwa na fishi ya mtoto, ile karatasi ngumu ya kilo zake. Picha hakuwa nayo. Nani alikuwa anampiga picha mtoto wa miezi kadhaa?

Niliporudi nilikuta msiba umepata mkia. Dada za baba kule Moba walikuwa wamesikia neno moja tu, kuhara, na kwa neno hilo wakajenga nyumba nzima. Walisema mama alimwachisha mtoto ziwa mapema ili apate nafasi ya kukimbilia samaki wake, mtoto akakonda, akafa kwa njaa ndani ya nyumba ya mtu mwenye kazi. Walituma neno kwamba watakuja kiangazi kumaliza kilio, na siku hiyo mwanamke atajieleza mbele ya watu. Akishindwa, watamchukua mdogo wangu wa kike, wa miaka mitano, wakamlee wao Moba, maana mtoto wa kaka yao hawezi kuachwa kwa mtu wa namna hiyo.

Mama hakulia kwa neno hilo. Alimgeukia baba.

"Mutoto alikuwa munene. Wewe mwenyewe uliandika. Siku ile wanakuja, utaleta karatasi, utasoma kilo mbele yao, kutoka mwezi wa kwanza mpaka mwezi wa mwisho. Njo wataziba midomo."

"Nitaleta," baba akasema.

Na baba hakuwa mtu wa kusema bongo; uongo hakuujua.

Basi nikaanza kazi. Nilikaa meza ya pili, nikitazamana na baba, na ofisini nilimwita Papa kama walivyomwita wote, kwa hiyo hakuna aliyejua wakati gani namwita karani na wakati gani namwita mzazi. Sitaficha: nilikuwa nimevimba kichwa. Nilikuwa na cheti chenye muhuri. Nilimwona anavyotafuta herufi moja moja kama mtu anayechambua mchele, nikawa najikuna kwa kukosa subira.

Halafu mashine ikakataa. Jumanne moja asubuhi baba aliandika, akataka kuhifadhi, ikamjibu kwa Kifaransa kwamba nafasi imejaa. Akajaribu tena, jibu lile lile. Daktari akaja, akakuna ndevu. Jumamosi meli ilikuwa inaleta dawa ya chanjo, na orodha ya watoto wote wa mtaa ilitakiwa iwe tayari, la sivyo dawa ingekwenda kwa wengine. Dawa ile ilihitaji baridi, haingeweza kutungojea.

"Wewe njo umetoka Lubumbashi," daktari akaniambia. "Tafuta ni kitu gani kinakula hii mashine. Ijumaa saa sita nataka nafasi iwe wazi."

Nilifurahi kama mtu aliyeitwa mbele kanisani. Diski ilikuwa ya megabaiti arobaini, kitu ambacho leo hakitoshi kubeba wimbo mmoja wa kucheza vizuri na picha za arusi, lakini wakati ule kilionekana ni ghala. Nikachukua kalamu na kuanza kama nilivyofundishwa, kutoka juu kwenda chini. Unaiambia mashine ikuonyeshe kilichomo, inakupa majina na mbele ya kila jina ukubwa wake. Unajumlisha. Unaingia folda ya kwanza, unajumlisha, unatoka, unaingia ya pili. Barua za daktari: kidogo tu. Dawa za stoo: kidogo. Programu yenyewe ya kuandikia: kubwa, lakini hiyo haiguswi. Nilifika adhuhuri na hesabu yangu ilikuwa haijafika hata robo ya kilichopotea, na hapo nikajua mwizi yuko ndani zaidi.

Alikuwa ndani ya folda iliyokuwa ndani ya folda nyingine. Nilipoifungua majina yalipanda kwenye kioo cha mashine bila kusimama, kurasa kwa kurasa, na hayakuwa majina bali tarakimu, siku na mwezi na mwaka. Kila siku ilirudiwa mara tatu. Kila faili ilikuwa kubwa karibu sawa na jirani yake. Nilijumlisha ukurasa wa kwanza, nikazidisha kwa kurasa zilizobaki, na jibu likawa ndilo lile lile lililokuwa limepotea. Sikufungua hata moja. Kwa nini nifungue? Nilikuwa nimetumwa kutafuta ukubwa, na ukubwa nilikuwa nao.

Nikasimama nikapaza sauti mbele ya wauguzi na akina mama waliokuwa mlangoni: "Dokta, nimemupata!"

Daktari akaja, akatazama kioo. "Nani ametengeneza hii?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba katika ofisi ile walioijua mashine tulikuwa wawili, na mimi ndiyo kwanza nimefika. Baba alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Njo mimi," akasema, yaani ndiye yeye.

Alieleza kwa utaratibu, kama mtu anayesoma barua. Mtoto akifa, daktari alimwagiza atoe jina lake kwenye orodha, ili siku ya kupima lisiitwe tena mbele ya mama yake. Hilo alilifanya. Lakini kufuta hakuweza. Kwa hiyo kila mtoto alipokufa alitengeneza orodha mpya, nzima, ya watoto wote waliobaki, na ile ya zamani, ambayo marehemu alikuwa bado ndani yake na kilo zake, akaiweka pembeni na tarehe ya kifo. Na kwa kuwa kila karatasi ya ofisi aliyowahi kuiandika maishani mwake ilikuwa na nakala mbili za kaboni, moja ya mkubwa na moja ya kabati, aliihifadhi kila orodha mara tatu. Aliona mashine haina kaboni, basi akaifanyia.

Muuguzi mmoja alicheka. Daktari naye alitabasamu, si kwa ubaya, alikuwa mtu mzuri. "Papa, hii si reji ya serikali. Ukiweka mara moja inatosha. Na wale wamekwisha kufa."

"Njo maana, Dokta," baba akasema. "Wale wako hai wataandikwa tena mwezi ujao. Hawa hawataandikwa tena."

Daktari akasema anaelewa, lakini chanjo ni ya walio hai, na meli haingojei mtu. Akaniambia Ijumaa saa sita nifute folda yote, nakala zote tatu, mashine isije ikajaa tena. Baba akaomba jambo moja: mpaka saa hiyo aachwe anakili kwa mkono, mstari mmoja wa kila mtoto aliyekufa. Daktari akakubali. Mimi nilikuwa nikitazama sakafu. Nilikuwa nimemtaja baba yangu kuwa mwizi mbele ya mtaa mzima.

Karatasi hakuna, kwa hiyo aliomba mifuko mitupu ya saruji, ile ya kutoka Kabimba, akaikung'uta nje upepo ukachukua vumbi, akaikata kwa kisu vipande vipande. Akaketi. Alifungua orodha ya kwanza kabisa, akatafuta jina lililokuwepo mle na lisilokuwepo kwenye iliyofuata, akaliandika na kilo zake zote kwa mwandiko wake wa shule ya zamani wenye mikia. Akafunga. Akafungua ya pili. Kila faili mashine ilichukua muda kuifungua, ikikoroma, naye alingoja mikono ikiwa magotini. Jumatano alifanya kazi kutwa nzima bila kula. Alhamisi umeme unaotoka kule Bendera ulikatika kabla ya saa tatu na haukurudi mpaka watu wanafunga ofisi. Alikaa pale pale mbele ya kioo cheusi na kalamu mkononi. Ijumaa asubuhi alianza tena mahali alipoachia.

Ningeweza kumsaidia. Leo najua namna: ningekata mstari mmoja mmoja wa wale watoto na kuuweka kwenye faili moja ndogo, na wote kwa pamoja wasingejaza hata disketi. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja kwa mtu mwenye cheti. Lakini cheti changu kilinifundisha kutafuta na kufuta, na nilikuwa na haya ya kumkaribia, na haya yangu niliivisha nguo ya heshima. Kila nilipomtazama nilijiambia kwamba angalau cha maana kimeshapona. Nilikuwa na hakika alianza na wetu. Nani angeanza na watoto wa watu wakati wake yuko mle ndani, na kiangazi kinakuja na mashangazi?

Saa sita ikafika. Daktari alisimama mlangoni. Baba aliweka kalamu chini, akapanga vipande vyake vya mifuko, akaondoka kwenye kiti. Nikakaa. Kiti kilikuwa na joto lake. Niliandika amri, mashine ikaniuliza kama nina hakika, nikajibu ndiyo. Ilikoroma kwa muda mrefu, kisha ikanyamaza. Nikapima nafasi: ilikuwa ya kutosha na kubaki. Daktari alinipiga begani na kusema nimeokoa chanjo, na ni kweli, watoto wale walichanjwa, na baadhi yao leo ni watu wazima wanaonisalimia barabarani. Sitaki mtu adhani nasema daktari alikosea.

Jioni ile nyumbani mama alikuwa jikoni nje, anasonga bukari, ugali wetu. Alimwona baba na furushi la karatasi za saruji, akapangusa mikono.

"Umeileta?"

Baba aliweka furushi juu ya kigoda. "Sikumufikia."

"Hukumufikia namna gani?"

"Alikuwa nyuma. Nilianza na wa kwanza, nikafuata vile walifuatana. Saa ilifika mbele ya kumufikia. Wamebaki wengi, na yeye alikuwa kati ya wale wamebaki."

Mama alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni. "Yeye ni mutoto wako."

"Njo maana sikumupitisha mbele."

Mwiko ulikuwa bado mkononi mwake. Nilidhani atamrushia, na nilitamani amrushie, na kama angenirushia mimi ningesema asante. Alirudi kwenye sufuria akaendelea kusonga, akasonga mpaka bukari ikawa ngumu hailiki, nasi tukaila. Hakumwuliza tena. Baba alikula akiwa ameinamisha kichwa, na nikaona machozi yanadondoka kwenye sahani yake, na hilo lilinikasirisha zaidi kuliko kama asingelia.

Jumatatu nilikwenda kazini mapema nikajaribu kuzirudisha. Nilikuwa nimesikia kule Lubumbashi kwamba kilichofutwa hakiondoki mara moja, kinabaki chini mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Lakini orodha ya chanjo ilikuwa imeandikwa juu yake tangu Ijumaa alasiri. Mimi ndiye niliyeiandika, kwa vidole kumi, haraka.

Mashangazi walikuja kiangazi kwa meli ya Moba, na mihogo na kuku na nyuso zao za kanisa. Walilia kwanza, ipasavyo, na nadhani walilia kweli. Walipomaliza kilio watu wakakaa uani, upande wa baba huku na upande wa mama kule, ingawa upande wa mama ulikuwa ni yeye na jirani mmoja, maana ndugu zake walikuwa mbali kaskazini. Shangazi mkubwa akauliza mtoto alikufaje.

Mama alisimama. Alisema mtoto alikuwa ananyonya mpaka asubuhi ile ya kolera. Kisha akataja kilo. Alizitaja zote, mwezi kwa mwezi, kuanzia ile ya siku tatu, bila kusita, vile anavyotaja bei za samaki wa wiki nzima. Zilikuwa zinapanda. Mwezi mmoja tu zilisimama, na akasema mwezi ule mtoto alikuwa na homa ya meno.

"Nani ameandika?" shangazi akauliza.

"Kaka yenu."

Wote wakamgeukia baba. Baba alisimama pia. Ilikuwa rahisi sana, neno moja lenye herufi chache, na mke wake alikuwa amemwekea neno hilo mbele yake kama mtu anayeshika mlango wazi.

"Niliandika kilo za mutoto, ni kweli," akasema. "Lakini karatasi haiko. Niliandika watoto wengi. Siwezi kuapa ile ya mwezi fulani ilikuwa ngapi."

"Sema tu alikuwa munene!" mama akapiga kelele.

"Kwa baba yake alikuwa munene," baba akasema. Wanawake wa Moba wakatazamana. Hilo halikuwa ushahidi, kila mtoto ni mnene kwa baba yake.

Ndipo mama akanigeukia mimi. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Wewe ulifungua ile mashine. Uliingia mpaka ndani, wewe njo ulizipata. Waambie. Uliona kilo zake?"

Kila mtu aliyekuwa pale alinitazama, na mdogo wangu wa kike naye, aliyekuwa ameketi mchangani karibu na miguu ya mama akichora kwa kijiti. Nilijua anachoniomba. Alikuwa ameshanipa namba zote, nilitakiwa kutikisa kichwa tu. Na zilikuwa namba za kweli, siku ile niliamini na leo naamini. Lakini nilikuwa sijaziona. Mtoto nilimwacha hajaota meno, kufa kwake sikukuona, na katika mashine nilitazama ukubwa wa faili nikapita juu ya jina lake nisilisome. Nilifungua mdomo ili niseme ndiyo, na neno lililotoka lilikuwa la baba yangu.

"Sikusoma, Mama. Niliona ukubwa tu."

Mama akakaa. Hakuna aliyemsukuma, alikaa mwenyewe. Nilimtazama baba kwa kutafuta msaada, na nikaona kwamba ananitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, hata siku nilipoleta cheti. Alikuwa ameridhika nami. Sijamsamehe kwa sura ile mpaka leo, naye amekwisha lala miaka mingi kwenye makaburi ya huko kwao Moba. Na mwenyewe sijajisamehe kwa kuistahili.

Wakaamua walivyokuja wameamua. Mtoto ataondoka na mashangazi, mpaka hapo atakapokua.

Siku ya meli tulikwenda wote bandarini. Abiria walikuwa wameanza kupanda, na mizigo ilikuwa bado inapimwa kwenye ile mizani kubwa ya chini, ambayo mama aliifahamu kwa sababu ndiyo iliyopima magunia yake. Ghafla mama alimshika mdogo wangu mkono, akawapita wapagazi, akamsimamisha juu ya bamba la chuma katikati ya magunia ya samaki, na kumwambia asimame wima, asicheke. Mpima mizigo alitaka kugomba, akamtazama usoni, akasogeza jiwe lake kwenye mkono wa mizani mpaka likatulia.

"Kuja hapa," mama akaniambia. "Soma. Kisha andika. Jina lake, siku ya leo, na kilo."

Nilisogea nikainama mpaka pua yangu ikakaribia kugusa chuma, nikasoma. Niliandika kwenye karatasi ya mfuko wa saruji niliyoikuta imetupwa pale. Mama aliichukua, akaikunja, akaiweka kwenye kiganja cha shangazi mkubwa na kumfunga vidole kwa mikono yake miwili.

"Njo vile ninakupatia," akamwambia. "Usiseme kesho hakuna mutu aliona."

Kilo kumi na tano na nusu. Nilisoma mara mbili.